Busaa ya Nyanya na Samaki wa Usenge

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mpwa wangu katika hoteli moja ya Kisumu, mhudumu alituletea mvinyo mweupe akatueleza kwamba kule visiwa vya Mediterania kila samaki ana mvinyo wake. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana mtu wa kwanza kunifundisha jambo hilo alikuwa nyanya yangu, mama mzaa baba, pale Usenge, kando ya ziwa.

Nyanya alipika busaa, pombe ya nafaka. Mimi nilisaga kimea cha wimbi, nikakaanga unga uliochachushwa juu ya bati mpaka nguo zangu zote zikanuka moshi. Busaa changa, ikiwa bado tamu, aliiandaa pamoja na sato wa kuchemsha, tuliyemwita ngege. Ikishachacha sawasawa ilikuwa ya kamongo, samaki mrefu kama nyoka, aliyekaushwa kwa moshi, maana mafuta yake, alisema, yanataka kitu kikali. Na nyanya mwenyewe hakumla kamongo maisha yake yote, maana kwetu wanawake walikatazwa! Wazee waliketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuta kabla hajala. "Pombe haimwagwi kwenye tumbo tupu," nyanya alizoea kusema.

Samaki waliletwa na baba mdogo, kitinda mimba wa nyanya, aliyekuwa mvuvi.

Kisha busaa ikapigwa marufuku. Askari wa chifu walikuja mchana, wakavunja vyungu, wakamwaga kila kitu uani hadi kuku wakalewa. Nyanya aliogopa jela, hakupika tena. Wanaume wakahamia nyuma ya soko kwa mama mmoja aliyeuza chang'aa, pombe kali ya magendo. Kule walikunywa wima, harakaharaka, bila chakula, sikio likiwa njiani.

Adhuhuri moja baba mdogo alirudi akipapasa ukuta. Nyanya na mimi tulikuwa tunachambua omena, dagaa wa ziwani.

"Mama," aliuliza, "mbona mmefunga madirisha?"

Jua lilikuwa limejaa chumbani. Nyanya aliweka ungo chini polepole.

"Yako wazi, nyathina," alimjibu. Mwanangu.

Wenzake wawili wa kunywa walizikwa wiki hiyo. Watu walisema chang'aa ile ilikuwa imetiwa dawa yenye sumu. Yeye alipona, ila macho hayakurudi, hata baada ya kulazwa hospitali ya Kombewa. Mashua yake ikachukuliwa na binamu.

Tangu hapo nyanya alimchambulia miba kwa vidole, mwanamume mzima mwenye ndevu, akimwekea tonge mkononi. Miaka ile ningu, samaki ambaye baba mdogo alimpenda kuliko wote, walikuwa wameanza kuadimika. Nyanya akawa anapika chochote kilichopatikana na kumwambia ni ningu. Jioni moja baba mdogo alitafuna, akamgeukia mama yake.

"Mama, huyu ni ningu kweli?"

"Kula, nyathina."

Alikula. Nadhani alijua. Hakuuliza tena.

Baba mdogo alitangulia kufa, nyanya akafuata kabla ya mvua za masika. Boma lile sasa ni shamba la mtu mwingine. Ufukweni wananunua samaki wa kupeleka mbali, na vijana huniuliza ningu alikuwa na ladha gani. Ninachokumbuka ni vidole vya nyanya vikitafuta miba, na mdomo wa mwanawe ukisubiri wazi.