Kidole Kilichohesabu Ng'ombe

Harufu ya samadi iliyolowa umande bado hunisimamisha popote. Juzi ilinikuta mtaani Karen, nje ya lango la watu wanaofuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, nikabaki pale na funguo za gari mkononi, moyo ukinidunda kama wa mtoto wa miaka kumi aliyefanya kosa. Umri huo ndio niliokuwa nao likizo ile ya Agosti nilipopelekwa kwa shangazi Njeri, kwenye tambarare za Kaputiei. Mama alikuwa amelazwa hospitalini kule Upper Hill, mimba yake ya miezi saba ikiwa na matatizo ambayo hakuna aliyetaka kunieleza, na baba hangeweza kushinda naye huku akiniangalia mimi katika nyumba yetu karibu na Adams Arcade. Aliniacha kwa shangazi na sanduku langu, akasema atanijia mtoto akishazaliwa. Hakusema akizaliwa salama. Nilisikia alivyoliruka neno hilo.

Shangazi alikuwa ameolewa na Mmaasai mrefu, mpole, ambaye sote tulimwita Baba Naserian kwa jina la binti yake mkubwa. Mimi mtoto wa Ngong Road nilizoea macho yangu kugonga ukuta. Huko yalikwenda tu mpaka yakachoka yenyewe. Nyumbu na pundamilia walilisha pamoja na mbuzi wa shangazi, twiga wakachungulia juu ya migunga kama majirani wambeya. Baba Naserian alinionyesha njia ambayo babu yake alipitishia mifugo kwenda kunywa maji, kabla reli haijafika. "Hiyo Nairobi yenu ilikuwa malisho yetu," alinitania. "Sasa mkikuja huku tunawapea maziwa tu." Nilicheka, lakini kila gari lililotimua vumbi kwa mbali lilinikatiza kicheko. Niliogopa kuwa ni baba, kisha likipita nikaogopa kwa nini si baba.

Jioni ya tatu ng'ombe waliporudi, nilisimama kando ya mlango wa boma, nikanyoosha kidole na kuwahesabu kwa sauti kama tulivyofunzwa shuleni. Nilipata thelathini na wanane. Nilijiona hodari, nikaendelea kujihesabia: nyumbani tuko watatu, mtoto akija tutakuwa wanne. Shangazi alinifikia mbio, akakikunja kidole changu ndani ya kiganja chake. "Wee! Hapa mtu hahesabu ng'ombe. Na hata kwetu watu hawahesabiwi, kwani shosho, nyanya yako, hakukuambia? Unaita mabaya!" Mumewe alipita katikati ya mifugo yake akimtazama kila mmoja kwa rangi yake na pembe zake, maana hivyo ndivyo alivyojua kama wote wamefika.

Kesho yake jioni aliwatazama vivyo hivyo, akasimama. "Ile nyekundu ya pembe moja haijaingia," alisema. Nyekundu alikuwa na mimba. Hakuna aliyenigeukia, na hilo liliniumiza kuliko kama wangenichapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mimi nilikuja mwenyeji akapotelewa. Asubuhi tulimkuta amesimama chini ya mgunga, analia kwa sauti nzito. Ndama hakuwepo. Palikuwa na nyasi zilizolala, damu kidogo, na nyayo za fisi. Nilikwenda nyuma ya kichaka nikatapika maziwa yote ya asubuhi. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba hesabu yangu imeanza na ndama na sasa iko njiani kwenda Upper Hill. Mdomo uliponza kichwa, lakini hapa kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu. Siku nne nilikula na kucheza nikiwa nimekikunja kidole kile. "Kinauma?" shangazi aliniuliza. Nikamwambia ndiyo.

Siku ya tano gari la baba lilisimama nje ya boma. Aliteremka polepole mno. Badala ya kumkimbilia, nilikimbilia zizi la ndama, nikachutama na kuziba masikio ili nisisikie. Alinifuata, akaitoa mikono yangu taratibu. "Ni kijana," alisema. "Mdogo sana, wamemweka kwenye mashine. Lakini analia." Nikauliza, na mama? "Mama amekunywa uji." Nililia mpaka ndama wakanishangaa.

Kijana huyo ni Kamau, siku hizi ana ndevu na kitambi. Mwezi uliopita alituendesha, mimi na watoto wangu, kumwona shangazi, ambaye sasa ni mjane. Kule ambako macho yangu yalikuwa yakichoka, sasa yanagonga nyaya, ploti na malori ya mchanga. Pundamilia wachache walitembea kando ya ua wakitafuta mwanya. Kitinda mimba wangu alinyoosha kidole dirishani: "Moja, mbili, tatu..." Kabla sijafikiri nilikuwa nimekikamata na kukikunja.

"Lakini mum, si hawa hawana mwenyewe?" akalalamika.

Kamau alicheka huku ameshika usukani. "Kwani sista, unaogopanga nini?"

Miaka yote hii sijawahi kumwambia. Nilikitazama kisogo chake, na sikukiachilia kile kidole mpaka tulipofika kwa shangazi.