Sufu ya Jeshi Chini ya Gauni

Watu wanaosema Kenya haina baridi hawajawahi kupanda baiskeli alfajiri ya Julai kutoka Ruiru kwenda upande wa Thika. Mimi nilifanya hivyo miaka miwili, siku za mwisho za hali ya hatari, nilipokuwa nikifundisha darasa la pili katika shule ndogo karibu na Murera. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kahawa, manyunyu yanakupiga usoni, na ukimaliza mlima wa kwanza gauni limeshika mgongo kwa jasho. Halafu unateremka. Upepo unaingia kifuani, na lile jasho linakuwa kama maji ya mtungi uliyomwagiwa na adui.

Nilikuwa na mwenzangu wa njiani, mwalimu wa darasa la nne, mwanamume nadhifu mwenye vibanio vya suruali na ushauri juu ya kila jambo. Angeweza kumfundisha kuku kutaga.

"Mwalimu," aliniambia siku moja tukisukuma baiskeli mlimani, "joto ni hesabu. Singlendi moja ni baridi. Mbili, afadhali. Nne, umemaliza kazi."

Yeye alivaa fulana hizo za ndani nne, zote za pamba, moja juu ya nyingine, na kati ya ya tatu na ya nne alipanga kurasa za gazeti. Kila alipokanyaga pedali alilia kwarakwara. Alipofika shuleni singlendi zote nne zilikuwa zimelowa, naye alitetemeka mpaka saa ya chai, akiwaeleza walimu wengine jinsi ya kujikinga na baridi.

Sikuwa na haki ya kumcheka sana, maana mimi nilianza kwa upumbavu mkubwa kuliko wake. Niliingia duka moja la Mhindi pale Thika nikanunua shumizi ya nailoni. Mwenye duka aliitandaza juu ya kaunta kama anatandaza kitanda cha harusi.

"Hii iko moto sana, mama," alisema. "Memsahibu wa shamba nanunua hii tu."

Memsahibu wa shamba alikuwa na motokaa. Hilo halikunijia kichwani. Ile nailoni ilininata mwilini kama ngozi ya samaki, na kwa baridi ilikuwa sawa na kuvaa dirisha. Niliilipia kwa pesa ambazo zingeninunulia tairi, kwa sababu tu ilimetameta.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda soko la Thika, kwa mama mmoja aliyeuza nguo kuukuu za jeshi chini kwenye gunia. Sasa nilikuwa nimepata akili kidogo. Kila nguo niliyoshika niliiweka mdomoni nikapuliza. Pumzi ikipita moja kwa moja, niliirudisha. Nikalowesha pembe kwa mate, nikaiminya, nikaiweka shavuni. Pamba ilikuwa baridi papo hapo. Lakini kulikuwa na fulana moja ya sufu, ya kijivu, mikono mirefu, kiwiko kimetiwa kiraka, inanuka dawa ya nondo. Niliilowesha, nikaiweka shavuni, na bado ilikuwa na uvuguvugu.

"Bwana yako ni mwembamba hivyo?" yule mama aliuliza.

"Ni yangu."

Alinitazama juu mpaka chini, akanionea huruma, akapunguza bei. Nikachukua mbili.

Fulana ile ilikuna kama upupu. Lakini nilipanda ule mlima, nikatoka jasho, nikateremka, na mgongo wangu haukuganda. Mwenzangu alipoona ukosi wa kijivu ukichungulia kwenye gauni alicheka njia nzima. Mwalimu wa kike kuvaa nguo ya ndani ya kuruti. Alisema ningepata chawa.

Wiki hiyohiyo tulikuta kizuizi barabarani. Askari alikagua pasi zetu za kusafiria, akaridhika, kisha mwenzangu akainama kurudisha yake mfukoni, na kifua kikalia kwarakwara.

"Hiyo inalia ni nini?"

"Ni gazeti, afande. La kuzuia baridi."

"Toa."

Siku zile karatasi iliyofichwa mwilini haikuwa mchezo; ingeweza kuitwa barua ya watu wa msituni. Mwenzangu alivua koti, akavua shati, akavua singlendi ya juu, akatoa ukurasa mmoja mmoja. Askari alisoma kila mmoja kwa kidole, polepole. Alifika kwenye tangazo la mafuta ya kupikia, akalisoma mara mbili.

"Kwa nini ulificha hii?"

Mwenzangu, mwenye ushauri juu ya kila jambo, alisimama pale upepo ukipita ndani ya singlendi tatu zilizolowa, midomo imebadilika rangi.

Askari akanigeukia. "Na wewe, mama, hiyo ya shingoni si ya jeshi?"

Nilishika ukosi. "Niliinunua sokoni, afande."

Alisogea karibu. Halafu akavuta mkono wa shati lake, na chini yake kulikuwa na sufu ileile ya kijivu.

"Inakuna," alisema.

"Inakuna sana."

"Lakini iko moto." Akatupungia mkono tupite, magazeti akabaki nayo.

Tulipofika shuleni mwenzangu hakuweza kushika chaki. Vidole vilikataa kabisa. Nilimletea fulana yangu ya pili, niliyokuwa nikiiweka kabatini pale darasani, nikamwambia avue zile za pamba zote. Aliiangalia kana kwamba ninampa panya. Kisha akaenda nyuma ya stoo akaivaa. Hakusema asante, na mimi, kusema kweli, nilifurahia kumwona akijikuna mbele ya darasa lake mpaka kengele ya mwisho. Si furaha ya kujivunia.

Mwezi haukuisha kabla sijamsikia katika ofisi ya walimu, amekaa juu ya meza, akimfundisha mwalimu mgeni aliyekuwa amenunua baiskeli.

"Joto si wingi wa nguo," alikuwa akisema. "Joto ni sufu. Mimi niligundua hivyo mwenyewe, barabarani."

Mgeni aliandika kwenye daftari. Niliendelea kusahihisha imla za watoto. Fulana yangu hakuirudisha.