Mfuniko Umebaki Nje

"Toka, Fundi! Toka kabla sijausukuma huu mlango!"

"Usisukume, shemeji! Nakuomba kwa jina la mama yako, usisukume!"

"Mama yangu kashaoga zamani. Mimi ndo nimetoka zamu ya usiku, nanuka hospitali nzima!"

Bado asubuhi mbichi, na ua wa nyumba hii ya kupanga umeshaamka wote. Nesi wa chumba cha mwisho kasimama na ndoo ya maji ya moto, taulo begani, macho mekundu ya kukesha. Mbele yake ni mlango wa bafu, na mbele ya mlango kuna kigoda, na juu ya kigoda kaketi mzee mmoja, kanyoosha mgongo kama msumari.

"Hapitishwi mtu," anasema mzee.

"Mzee Geti, wewe si ulistaafu?"

"Geti nimestaafu. Mlango sijastaafu."

Wapangaji wanacheka. Nesi hacheki.

Aliyejifungia ndani ni fundi rangi. Anapaka nyumba za watu, kuta, dari, madirisha, na ukimkuta barabarani utamjua kwa matone ya rangi kwenye kandambili. Lakini siku ambazo hana kibarua, Fundi anapiga picha za sura za watu. Na si kwa simu. Ana kamera ya zamani ya mkanda, nzito kama tofali, na taa hana. Anategemea jua tu.

Picha zake hauzi. Mkanda mmoja unameza kibarua cha siku nzima, na mke wake anajua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. "Wanaume wenzake wanalewa," anasema mama huyo huku akipepeta mchele barazani. "Wangu analewa mwanga. Afadhali huu hauna harufu."

Kamera aliipata kazini. Aliitwa kupaka studio moja ya picha iliyokuwa inageuzwa duka la simu. Mwenye studio, kazi yake imekufa mikononi, alikuwa anatupa vitu kwenye maboksi. Akamwona Fundi kaacha brashi, anaikodolea macho kamera. Akampa, na chupa za dawa ya kusafishia picha juu, na jioni tatu za kumfundisha.

"Yule bwana hakunidai hata soda," Fundi husema. "Kila nikibonyeza, namshukuru. Simu unapiga picha mia, huangalii hata moja. Huku una chache, inabidi umwangalie mtu kwanza."

Ua wenyewe kaugeuza studio. Masalia ya rangi nyeupe ya kazini aliyapaka kwenye ukuta mrefu unaotazama vyumba. Mama mwenye nyumba akafurahi, akadhani anapambiwa nyumba. Kumbe Fundi alitaka jua la asubuhi ligonge ule ukuta, lirudi barazani limetulia, limlambe mtu uso polepole. Ukikaa mlangoni kwako saa hizo, hata makunyanzi yako yanakuwa na heshima.

Hata huyu nesi anayepiga kelele alishapigwa picha. Alikaa pale pale na sare yake, amechoka, nywele zimesimama. Alipoiona picha alinuna siku mbili. Halafu akaituma kwa mama yake. Mama akapiga simu analia: "Ile ya harusi walikupaka mpaka nikadhani bibi harusi ni mwingine. Huyu ndo mwanangu."

Sasa shida ya leo ni hii. Bafu ndo chumba pekee kisicho na dirisha. Mkanda ukishapigwa lazima utolewe gizani, uzungushwe kwenye kigurudumu, uingizwe kwenye kopo jeusi, ufunikwe. Ukishafunikwa umepona, unaweza kumimina dawa hata juani. Ila kabla ya hapo, mwanga wa kupepesa jicho tu, kwisha habari. Na komeo la bafu lilishakufa.

"Fundi, umemaliza?" anauliza Mzee Geti bila kugeuka.

Sauti ndogo inatoka ndani, ya mtu aliyekamatwa. "Nimemaliza kuzungusha. Ila... mfuniko."

"Umefanyaje mfuniko?"

"Umebaki nje."

Mkewe anatua ungo. Mfuniko upo kweli, juu ya beseni la nguo, unaota jua. "Jamani! Huyu mtu ipo siku ataenda kuoga asahau mwili!"

"Funika na shati lako basi!" anasema nesi.

"Niko na singlendi, shemeji. Ina matundu."

Ua mzima unaangua kicheko, nesi anatua ndoo, mkono wake uko kwenye mlango. "Mimi nasukuma. Mtapiga nyingine kesho."

"Kesho sipo," anasema Mzee Geti.

Hapo kicheko kinakatika. Kila mtu anajua: mchana binti yake anakuja kumchukua, akaishi naye, miguu imechoka. Mzee kalinda mageti ya watu maisha yake yote, na picha pekee aliyowahi kupigwa ilikuwa ya kitambulisho cha kazi. Siku ya kustaafu walikichukua.

"Mwanangu," anamwambia nesi, taratibu, "humo ndani niko mimi."

Nesi anamwangalia. Anatoa mkono mlangoni.

"Leteni mablanketi," anasema. "Yote!"

Yanakuja matano. Wanamshikisha nesi mfuniko, wanamfunika gubigubi, wanaziba mlango juu, chini na ubavuni, mke wa Fundi kakanyaga pindo kwa miguu yote miwili.

"Shemeji, geukia ukutani, ulalie huo mkanda wako!" anaamuru nesi kutoka chini ya mablanketi.

"Utaona mkono wangu kweli?"

"Usiku mzima nawachoma watu sindano umeme umekatika. Lete mkono!"

Mlango unafunguka kidogo. Kinasikika kitu kinazunguka, halafu *kach*.

"Umefunga!" anapiga kelele Fundi.

Nesi anaingia kuoga. Fundi anatikisa kopo lake barazani, anamimina dawa, anamwaga, anasuuza, midomo inamcheza kama anasali. Mwishoni anautoa mkanda, unachuruzika maji, anauinua dhidi ya mbingu.

Mzee Geti anasogeza uso. Kwenye mkanda kila kitu kimegeuka: cheusi cheupe, cheupe cheusi. "Huyu ndo mimi? Mbona nywele zimerudi?"

"Mvi ndo hizo, Mzee. Kwenye karatasi zitakuwa nyeupe."

"Basi ngoja nizifaidi kidogo." Anakaa akijitazama. "Ahsante, mwanangu. Nilikuwa naondoka hapa kama sikuwahi kuja."

Fundi anafuta macho, anasingizia dawa. Jumapili ataipeleka picha mwenyewe kwa binti wa Mzee, anasema, na nakala ataitundika kwenye ukuta mweupe. Anataka siku moja ukuta ule ujae kila aliyewahi kupanga hapa, ili anayehama asihame kabisa.

Nesi anatoka, mvuke unamfuata. Fundi anachungulia ndani, anatabasamu. Mvuke umelaza vumbi lote. Pa kukaushia mkanda hapana pazuri kuliko hapo.

"Fundi, hapana," anasema mkewe. "Na mimi sijaoga!"

Fundi anaingia, anautundika mkanda kwa vibanio vya nguo, anatoka kwa kunyata. Mzee Geti anavuta kigoda chake, anakaa, ananyoosha mgongo. Gari la binti bado halijafika.

Fundi anafunga mlango.