Santuri Iliyonizuia Kanyenye

Ndugu zangu wa tumbo moja hawaniamini mpaka leo, sembuse wewe usiyenijua. Lakini naapa, haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Tabora.

Nilikuwa fundi redio Kanyenye, miaka ile ya kupanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika. Siku hiyo nilitaka kufunga mapema, maana mama yangu alikuwa hoi kitandani, nyumbani kwetu Ng'ambo. Akaingia kijana mmoja nadhifu, kabeba gramafoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Akasema ametoka masomoni Ulaya, na chombo kimegoma. Kumbe ni waya tu umekatika. Nikaulehemu. Akaweka santuri. "Huko kila kijana anaijua hii. Kaa usikilize mpaka upande uishe."

Muziki gani ule! Hakuna gita wala tarumbeta. Vinanda vya umeme vitupu, na ngoma inayopigwa na mashine, haichoki, haikosei. Mwimbaji anaimba kama karani anayeita majina. Sikufichi, ulinipendeza. Mguu wangu ukaanza kupiga wenyewe.

Mara umeme ukakatika. Feni ikasimama, taa ikazima. Santuri ikaendelea kuzunguka. Nikachomoa waya ukutani. Wapi! Inazunguka tu.

"Kijana, chukua chombo chako. Mama yangu anaumwa, nakwenda."

"Upande haujaisha, fundi."

Nikaukimbilia mlango. Ulikuwa wazi, jua naliona, baiskeli zinapita. Lakini kila nikitaka kuvuka kizingiti najikuta nimekaa tena kwenye kigoda, mguu unapiga. Mara nne, mara tano. Nikapiga kelele, hakuna aliyegeuka. Halafu, niamini, nikaisikia sauti yangu ndani ya spika, inaimba na yule mwimbaji: "Mama yangu anaumwa, nakwenda."

Nikamgeukia kijana. Alikuwa analia. "Hata mimi niliomba hivyo hivyo siku niliyoisikiliza," akasema.

Sindano ilipofika mwisho ikajiinua. Kijana hayupo, gramafoni haipo. Kwa hesabu yangu haikutimia hata nusu saa. Nikatoka mbio hadi Ng'ambo, nikakuta mikeka uani na watu wanamaliza hitima.

Mke wangu Zuhura akanishika shati. "Ulikuwa wapi siku tatu? Tumekutafuta mpaka hospitali! Dukani kwako kuna kufuli kwa nje! Mama amekufa anakuita."

Nimwambie nilikuwa nasikiliza muziki?

Kaka yangu mkubwa anasema nilikimbia msiba. Tunakutana msikitini, salamu hajibu. Ufundi niliuacha, sasa nauza asali ya Sikonge. Na vijana wa mtaani wakifungulia ngoma ya namna ile, nasimama nimeshika mwimo wa mlango mpaka wamalize.

Basi nawe ukiwa na mgonjwa nyumbani, mtu akakwambia kaa kidogo, muziki karibu unakwisha, usikae.