Mbuzi ya Nazi Juu ya Kabati

Alhamisi ya pili ya Oktoba nilipoteza mbuzi ya nazi ya marehemu mama yangu. Tangu Mei ilikuwa juu ya kabati. Siku hiyo nilipanda kwenye kiti, tumbo langu likiwa la miezi saba, nikapapasa juu pale mpaka ukutani. Nikashuka na vumbi mikononi.

Nilikuwa nimenunua nazi mbili Al Mansoura, kwenye duka la Wahindi ambako huziuza zimemenywa vizuri. Joto lilikuwa limeanza kulegea. Kwetu Tanga mwezi huo ni wa vuli. Hapa Doha mvua haina habari na mtu. Kinachokuja ni ruhusa ya kufungua dirisha. Wiki hiyo tulizima kiyoyozi kwa mara ya kwanza tangu Aprili, na binti yangu, mwenye miaka miwili na miezi michache, alishtuka kusikia nyumba imenyamaza. Akaweka sikio ukutani akasema, "Amelala."

Tunakaa Al Thumama, karibu na uwanja wa ndege. Dirisha likifunguliwa, ndege zinaingia na sauti zao. Binti yangu hakosi hata moja. Anaacha chakula, anaacha mwanasesere wake kichwa chini, anakimbilia dirishani na kupunga mkono.

"Bibi! Bibi! Rudi!"

Nitaeleza kwa nini.

Alipozaliwa binti yangu, mama yangu alikuja kutoka Tanga kunilea arobaini yangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ndani ya begi alileta kanga, pilipili manga, na mbuzi yake, ile ya kukunja, ya mbao nyeusi iliyong'aa kwa kukaliwa. Ofisa wa pale uwanjani aliona ule mwiba wa chuma kwenye mashine yake akamwomba afungue begi. Akauliza ni nini hii. Mama Kiingereza hakujua, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia tu. Basi akaikunjua, akaiweka sakafuni mbele za watu, akaikalia, akaanza kukuna nazi isiyokuwapo. Mume wangu, aliyekuwa akimsubiri nje ya vioo, anasema yule ofisa alicheka mpaka akavua kofia.

Kwa siku arobaini sikupika. Mama alinikanda kwa maji ya moto, akaninywesha uji wa pilipili manga, na kila siku akakaa kwenye mbuzi yake katikati ya jiko letu dogo. Tui la kopo alilionja mara moja kwa ncha ya ulimi.

"Hii si nazi," alisema. "Hii ni chokaa. Pakeni ukuta."

Siku ya kuondoka nilitaka kumfungia mbuzi yake. Akanizuia.

"Naiacha hapa. Usimwazime mtu, wala usiipeleke popote. Wa pili akija, nami naja. Nitaikuta."

Mama alifariki Mei mwaka huu. Sikwenda kuzika. Mimba hii ilikuwa changa, damu ilikuwa inatoka kidogo, na daktari akasema nisipande ndege. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu, na ni ya kweli. Lakini nikisema yote, daktari aliponikataza kuna kitu ndani yangu kilishukuru. Sikutaka kukiona kitanda chake.

Wiki hiyo hiyo niliikunja mbuzi, nikaiviringisha ndani ya blanketi jipya la manyoya, nikampa mume wangu aipandishe juu ya kabati nisiione. Hakuuliza kilichomo. Naye binti yangu, aliyezoea kumwona bibi kwenye simu kila Ijumaa, alipouliza bibi yuko wapi, baba yake akamjibu lililomjia mdomoni: "Amepanda ndege." Nilisikia, nikaacha.

Kwa hiyo Alhamisi ile, baada ya kushuka kwenye kiti, nilimngoja mume wangu arudi kutoka hotelini Al Sadd, ambako ni msimamizi wa zamu. Hata viatu hajavua nikamwuliza.

"Mbuzi iko wapi?"

"Mbuzi gani?"

"Ya mama. Ilikuwa kwenye blanketi la kijivu."

Akasimama na kiatu kimoja mkononi. "Blanketi la kijivu? Si ulisema liende?"

Hapo nikakumbuka, na nikajifanya sikumbuki.

Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumefunga mzigo wa nyumbani. Mama mmoja wa Pangani, anayelea watoto kwenye nyumba moja ya hapa, alikuwa anakwenda likizo ya mwezi mzima, na alikubali kutuchukulia kilo kadhaa. Kila mtu wa huku anajua mzigo wa nyumbani lazima uwe na mablanketi, japo sijui nani Tanga analala na blanketi la manyoya. Mume wangu alikuwa juu ya kiti, anashusha. Mimi nilikuwa namfukuza binti yangu, aliyekuwa amechota mchele na kuujaza kwenye kiatu cha baba yake.

"Na hili? Zito hili," mume wangu aliuliza.

"Weka, weka!" nilisema. Sikugeuka hata kutazama.

Siku mbili nzima nilimwambia mume wangu kwamba sikusema hivyo. Nilimwambia mtu mwenye akili angefungua aone kwa nini blanketi lina uzito wa kinu. Alinisikiliza, akaosha vyombo. Siku ya tatu nikamwambia kweli, nilisema.

"Najua ulisema," akanijibu. "Nilikuwepo."

Siku hiyo ndiyo dada yangu alipopiga simu. Ni mkubwa wangu, anaishi kwenye nyumba ya mama. Hakuanza na salamu.

"Mdogo wangu, tumekukosea nini?"

"Kivipi dada?"

"Unaturudishia mbuzi ya mama kama mtu anayerudisha mahari. Hukuja kuzika, tukasema mimba. Sasa hata chombo chake hukitaki?"

Nilikaa kitandani. Nilikuwa sijafikiria kwamba upande wa pili wangeliona hivyo. Nikamweleza: blanketi, kiti, mchele, kiatu. Nikadhani dada analia. Kumbe anacheka. Alicheka kile kicheko cha mama, cha kuanzia puani.

"Kwa hiyo mimi nimelia usiku kucha kwa ajili ya mchele kwenye kiatu!"

"Nisamehe dada. Nirudishie."

"Nikurudishie? Mbuzi imepanda ndege yenyewe imerudi kwao. Huko si kuna tui la kopo?"

Nikamwambia maneno ya mama siku ya kuondoka. Hakuwa ameyajua. Nikamwambia wa pili anakuja Desemba, na mama hatakuja, na mimi sijui nitakaaje siku arobaini na kopo la chokaa. Nilitaka kusema kwa mzaha lakini sauti ilinikatika katikati.

"Basi usilie, utamtikisa mtoto," alisema dada. "Nitampa mama wa Pangani arudi nayo. Lakini blanketi silirudishi. Hilo ni zuri."

Tukaanza kungoja. Yule mama alikuwa arudi katikati ya Novemba. Kisha akaongeza wiki moja, kwa sababu ya harusi ya mpwa wake. Mimi nilihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni, siku zake na zangu. Miguu ilivimba. Mkunga wa zahanati alinitazama akasema mtoto ameshuka, huenda asifike Desemba.

Mume wangu alijaribu kusaidia. Siku moja alikuja na kikuna nazi cha Kihindi, kile kinachobana mezani kwa kunyonya, halafu unazungusha mpini. Alikifunga, akazungusha, nazi ikasagika vizuri kabisa. Tui lilitoka zito. Nilipika kuku wa nazi, tukala, na sikuona tofauti yoyote kwenye ladha. Nilijaribu kuiona. Nilinuna hata hivyo, nikaosha kile kikuna na kukirudisha ndani ya boksi lake.

"Hata ukiipata hiyo mbuzi," mume wangu aliniuliza, "utaikaliaje na tumbo hilo? Ukikaa chini, nani atakuinua? Nilete winchi?"

"Lete."

Jioni za siku hizo zilikuwa nzuri. Upepo ulikuwa mwepesi, na watu wote wa mtaa walitoka nje kama waliofunguliwa. Tulikwenda bustanini na mkeka na chupa ya chai. Binti yangu aligundua nyasi. Alizishika moja moja na kuziuliza habari. Akilichoka hilo, analala chali kichwa chake juu ya tumbo langu, na mtoto wa ndani akimpiga teke la shavu anamwonya, "We! Wee! Nitakusema kwa bibi!" Watu wa mkeka wa jirani, Wakenya wawili wauguzi, walicheka sana. Mmoja akasema, "Huyu bibi lazima ni mkali."

"Ni mkali," nilisema. Sikusema alikuwa.

Yule mama wa Pangani alirudi Ijumaa ya mwisho ya Novemba, kwa ndege ya mchana. Mtoto alikuwa bado tumboni. Mume wangu hakuwa na zamu, tukaenda wote kumpokea. Kosa nililolifanya ni kusema mbele ya binti yangu, wakati namvisha viatu, "Twende upesi, tukapokee kitu cha bibi." Yeye alisikia neno moja tu.

Njia nzima aliimba. Pale kwenye mlango wa kutokea abiria alisimama kwenye kitoroli cha mizigo, baba yake amemshika kiuno. Alipotokea yule mama na buibui lake, mnene kidogo kama mama alivyokuwa, binti yangu aliruka chini akamkimbilia. Alifika nusu ya njia akasimama. Akamtazama usoni. Kisha akainama, akachungulia nyuma ya buibui lake, kuona kama bibi amejificha huko.

Yule mama hakuelewa. "Hujambo mjukuu wangu? Unanitafutia zawadi?" Akanigeukia mimi. "Na wewe, mwenzangu, mzigo wenu huu! Kila wanapokagua, mimi nafunguliwa begi. Nimeulizwa hii ni silaha, nimeulizwa hii ni kiti. Nimekwisha kukuna nazi ya hewa mara mbili mbele ya wanaume!"

Tulicheka, hata mimi. Lakini binti yangu ndani ya gari hakuimba. Ndege ilipita juu yetu, ya chini kabisa, na hakunyanyua mkono.

Nyumbani mume wangu aliifungua mbuzi. Dada alikuwa ameiviringisha kwa magazeti na kanga kuukuu. Alikuwa ameinoa meno. Nilishika mbao, nikataka kukaa, magoti yakakataa nusu ya njia. Mume wangu akanivuta nisimame.

"Pisha," alisema, akakunja suruali yake ya Ijumaa, akaikalia yeye.

Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume wa Tanga juu ya mbuzi ya nazi. Magoti yalimfika masikioni. Aliikuna nazi kama anayesugua sufuria, nusu kwenye sinia, nusu sakafuni.

"Taratibu," nilisema. "Izungushe. Ukifika kwenye kifuu, acha."

"Mama yako alikuwa na nguvu, jamani."

Binti yangu alisimama kando, kidole mdomoni. Akachota nazi sakafuni, akala. Akachota nyingine akaniletea mimi, akaniwekea mdomoni mwenyewe.

"Bibi yuko wapi?" akauliza.

Mume wangu aliacha kukuna. Nilimwona anatafuta la kusema, nikamtikisia kichwa.

Kukaa sakafuni sikuweza, nikavuta kiti nikamweka binti yangu mapajani, pembeni ya tumbo, mahali palipobaki.

"Bibi amekufa," nilimwambia. "Hayupo kwenye ndege. Hatarudi."

Alinitazama mdomoni, kama anangoja neno jingine litoke. Nilikuwa nalia, lakini kidogo, na nazi ilikuwa bado iko mdomoni.

"Na hii?" akaelekeza kidole kwenye mbuzi.

"Hii yake. Ametuachia."

Akafikiri. Kisha akateleza kutoka mapajani mwangu, akaenda nyuma ya baba yake, akamsukuma mgongo.

"Sogea."

Baba yake akasogea. Binti yangu akapanda nyuma yake kwenye ubao, kipande kidogo kilichobaki, akashika fulana yake kwa mikono miwili.

"Twende," akasema.

Mume wangu akaanza kukuna tena.