Wafula Namba Tisa na Ubao wa Makarai

Nakumbuka Jumatatu moja asubuhi, mwanangu, watu wamejazana mbele ya karakana ya baba yangu pale Laini Saba, wanasoma ubao na kucheka mpaka wengine wanashikana mabega, na mimi nimesimama pembeni na chaki mkononi, najiona mwandishi kuliko waandishi wote wa Nairobi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nusu saa baadaye nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na chaki yangu.

Inamisha kichwa kidogo. Hapo hapo. Nakueleza haya, Brenda, kwa sababu umenisomea ulichoandika kwenye simu kuhusu yule msichana wa timu yenu anayevaa namba kumi na moja, ya kwamba mikono yake imeumbwa kuosha sufuria na mpira wa kikapu awaachie wenye vidole. Nimecheka, sikatai. Maneno unayo, na hayo hukuyatoa kwa baba yako. Lakini unataka kuituma hiyo watu wote waione, na nilipokuuliza kama mechi uliitazama, ukaniambia uliona sehemu. Sasa nusu ya kichwa chako bado haijasukwa, na huwezi kutembea hapa Kawangware, kituo cha hamsini na sita, ukiwa umesukwa upande mmoja. Kwa hiyo utakaa na utanisikiliza mimi shangazi yako.

Mimi kikapu nilikipenda kukushinda wewe. Kucheza sikuweza. Siku ya kwanza nilipojaribu kudaka mpira niliudaka kwa pua, na ndiyo maana pua hii imeegemea upande. Nikaona heri niwe mtu wa maoni. Nilikuwa na maoni kuhusu kocha, kuhusu refa, kuhusu viatu vya refa. Malengo pia nilikuwa nayo, msifikiri ninyi wa siku hizi ndio mmeyaanzisha. Niliyaandika kwa rangi nyekundu ndani ya kifuniko cha sanduku la bati, mojawapo ya yale baba aliyokuwa akitengenezea watoto wanaoenda shule za bweni: niandike kila siku, nitazame kila mechi, nitoe kitabu kabla sijafika miaka ishirini na tano. Baba hakufungua kifuniko. Akaliuza. Malengo yangu yakaenda bweni huko Kakamega na mtoto wa kidato cha kwanza, na mpaka leo sijui kama yeye aliyatimiza.

Nje ya karakana palikuwa na ubao mweusi, umeelekea reli. Baba aliandika hapo bei za masanduku, majiko na makarai. Nilimsumbua mpaka akanipa nusu ya chini. Asubuhi reli ile hujaa watu wanaotembea kwenda kazini, na hao ndio walikuwa wasomaji wangu. Mtu anayekimbilia kibarua hasimami kusoma hadithi ndefu, kwa hiyo nilijifunza kuandika maneno machache yenye pilipili. Kila Jumatatu niliandika ripoti ya timu yetu, ambayo tuliiita Mataruma, kama yale yanayoshika reli. Baba alilalamika tu siku mteja mmoja aliposoma matokeo yetu akadhani ni bei mpya ya karai, akagoma kulipa zaidi.

Sasa timu ile ilikuwa na nahodha, Dan, aliyevaa namba nne. Tulimwita Mnara. Alikuwa mrefu, ana meno meupe, na alikuwa na tabia ya kujipangusa jasho kwa shati mpaka tumbo likaonekana. Mwanangu, sitakuficha. Ripoti zangu za Mnara hazikuwa ripoti, zilikuwa barua. Akikosa kikapu niliandika kwamba upepo ulikuwa mkali. Na kwa kuwa timu ikishindwa lazima mtu awe amekosa, kosa nikampa Wafula, namba tisa, kijana mfupi aliyefanya kibarua cha mjengo, ambaye hakuwahi kunisumbua hata siku moja. Niliandika "Wafula apewe karai, labda mpira utamkaa." Niliandika "Mataruma wanne dhidi ya sita, maana Wafula tunamhesabu upande wa pili." Watu walizipenda mno. Wakaanza kumpigia kelele akipita.

"Buda, leo umebeba karai?" wangemwambia.

Yeye alicheka kidogo na kupita. Baada ya wiki chache nikaona hapiti tena. Nikasikia anazunguka mpaka barabara kuu, safari ya nusu saa zaidi kila asubuhi na matofali yanamngoja. Ningetaka kukwambia kwamba nilihuzunika. Nilijivuna. Nilijiona kalamu yangu ina nguvu kiasi cha kumhamisha mtu njia.

Ikafika fainali, tucheze na vijana wa huku Kawangware, kwenye uwanja wa saruji wa shule moja. Wiki hiyo Madam Rose, aliyekuwa akisimamia jarida la vijana pale mtaani, aliniambia anatafuta mtu wa kuandika ukurasa wa michezo. "Nitapita Jumatatu nisome ubao wako," akasema. "Nikiupenda, ukurasa ni wako." Mwanangu, jina langu lichapwe kwenye karatasi halisi! Usiku ule sikulala.

Kisha Mzee Otieno akanijia. Huyu alikuwa mzee wa Kisumu Ndogo, mtaa wa jirani, karani mstaafu, na ndiye aliyeandika karatasi ya pointi mezani kila mechi, kwa penseli aliyoichonga kwa wembe. Miwani yake ilikuwa imevunjika.

"Nyathina," akaniambia, yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, "wewe macho iko na mkono iko. Jumapili utakaa na mimi meza. Mimi nasema, wewe unaandika."

Nikakubali upesi, kwa sababu mezani unamwona Mnara kwa karibu zaidi.

Kumbe mezani hakuna kushangilia. Hiyo ndiyo adhabu kubwa niliyowahi kupewa. Kila nilipofungua mdomo Mzee Otieno alinigonga kidole kwa rula. Akitaja namba naandika namba. Faulo, naweka alama. Mtupo huru, naweka duara, umeingia najaza, umekosa naacha wazi. Mkono wangu uliandika mechi nzima, vizuri kabisa, na kichwa changu hakikuwepo. Kichwa kilikuwa kwa lile tumbo la nahodha.

Ilipobaki dakika moja tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Wafula akaupata mpira, akatazama kushoto, akatoa pasi kulia, na mpira ukapita watu wote ukaenda kutua kwenye beseni la mama aliyekuwa akiuza karanga. Karanga zikaruka. Uwanja mzima ukapiga yowe. Tukashindwa arobaini na moja kwa thelathini na tisa, na Mzee Otieno akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Mimi nilirudi Laini Saba mbio, damu imechemka, na kabla giza halijaingia nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: "WAFULA AMEPEANA KOMBE KWA MAMA KARANGA." Chini nikaeleza kwamba Mnara alipigana kama simba lakini angefanya nini akiwa na ndugu kama huyo. Nikaisoma mara tano. Kila mara ilizidi kuwa tamu.

Ndiyo hiyo Jumatatu. Watu wamejaa, wanacheka, Madam Rose mwenyewe anafuta machozi kwa leso na kuniambia, "Nekesa, wewe unajua kuandika, haki ya nani." Nikatazama chini kwa unyenyekevu wa uongo. Hapo ndipo Mzee Otieno alipojipenyeza katikati ya watu na mfuko wa plastiki. Alimwomba jirani amsomee ubao, akasikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Akatoa ile karatasi.

"Hii mwandiko ni ya nani?"

"Yangu, Mzee."

"Soma namba tisa. Na sauti, watu wasikie."

Nikasoma. Namba tisa, pointi kumi na mbili, faulo moja. Hakuna aliyemzidi kwa timu zote mbili.

"Soma namba nne."

Mwanangu, nilijaribu kukohoa. Mzee akangoja nimalize kukohoa. Namba nne, pointi nne. Faulo tano, ametolewa kabla ya robo ya mwisho kwisha. Mitupo huru minane, imeingia miwili.

"Ngai, sita zote zimekosa?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Na tumelosti na mbili?"

"Ni upepo," mwingine akajibu, na safari hii walinicheka mimi. Nilikuwa nimeyaandika yote kwa mkono wangu, mwanangu, alama moja baada ya nyingine, na sikuwa nimeona hata moja.

Mzee Otieno hakupandisha sauti. Aliniambia maneno ambayo bado yananichoma nikiyakumbuka. "Huyo kijana anaamka saa kumi kwa sababu ya mdomo yako. Anazunguka dunia ndio aende kubeba mawe. Na wewe hujawahi hata kumwangalia akicheza." Akachukua karatasi yake, akasalimia baba, akaondoka. Madam Rose alifunga kijitabu chake, akasema tutaongea. Hatukuongea. Ukurasa alipewa kijana mmoja aliyeandika habari za kwaya tu, hata fainali ya kandanda aliiripoti kwa sauti ya kwanza na ya pili.

Nililia, sitakudanganya. Kwanza nililia kwa sababu ya ukurasa. Baadaye jioni ndipo nilipomlilia Wafula, na hayo machozi yalikuwa na ladha tofauti. Nikachukua kitambaa nikafuta ubao wote, hata bei za majiko nikafuta kwa majonzi, nikaandika upya: "WAFULA SHUJAA WETU, POINTI KUMI NA NNE. ALITUBEBA SOTE. TUMEMKOSEA." Ile pasi sikuitaja kabisa. Nilitaka asome apoe moyo. Nilitaka pia watu waone jinsi ninavyojua kutubu.

Siku ya pili, asubuhi na mapema, nikamwona anakuja kwa reli, kofia ya mjengo mkononi. Habari zilikuwa zimemfikia. Wapita njia wawili watatu wakasimama kuona atafanya nini. Akasoma polepole, midomo ikitembea.

"Sasa, Nekesa," akanisalimia.

"Fiti, Wafula. Nisamehe, tafadhali."

"Nimekusamehe. Niazime hiyo chaki."

Nikampa. Nilidhani ataandika tusi, na nilikuwa tayari kulisoma. Akafuta "nne" kwa kiganja chake, akaandika "mbili." Halafu akainama kule chini palipobaki nafasi akaongeza, kwa herufi za mtu asiyeandika kila siku: "Pasi ya karanga ni mimi."

"Niliweka kumi na mbili," akaniambia. "Hizo zingine usinipee. Kesho utaninyang'anya."

Akanirudishia chaki, akavaa kofia yake, akafuata reli kwenda kazini kwa njia yake ya zamani. Nilibaki pale mpaka baba akanikumbusha niandike tena bei za majiko.

Usinitazame hivyo, sikuolewa naye. Alioa msichana wa Kangemi na wana watoto warefu kuliko wote wawili, sijui ni maajabu gani. Mnara sijui aliko, na kwa kweli siku hizi hata meno yake nimeyasahau, nusu yake. Mimi kitabu sikutoa. Lakini kila Jumapili mchana naandika ripoti ya ligi ya watoto wa hapa, naibandika kwenye kioo cha saluni, na wazazi wanakuja kuisoma hata wale wasiosuka. Wanaiamini. Nimechukua miaka mingi kuipata hiyo imani, na nilianza na ile "mbili" ya Wafula, kwa sababu siku ile ndipo nilipojua nimemkosea mara mbili. Mara ya kwanza nilimwandika vibaya bila kumtazama. Mara ya pili nikamwandika vizuri, na bado sikuwa nimemtazama.

Basi sikia nasaha yangu, mwanangu, halafu nikumalizie huu upande. Kuwa na maoni, tena makali, mimi sitaki uwe mtu wa uji bila sukari. Chekesha watu, kipaji hicho Mungu hampi kila mtu. Lakini mechi itazame yote, hasa yule usiyempenda, mhesabie kila alichofanya kabla hujamwandika. Na yule unayempenda mhesabie mara mbili, maana huyo ndiye atakayekudanganya. Ukikosea, rekebisha palepale ulipokosea, na rekebisha kwa kipimo, usimpake mtu asali ili wewe ujisikie msafi. Yule msichana namba kumi na moja ana njia anayopita asubuhi. Anayo haki ya kuipita.

Mungu akubariki, binti yangu. Akupe macho yanayoona uwanja mzima, akupe mkono mwepesi na moyo usio na haraka. Vitabu nilivyoshindwa kutoa mimi uvitoe wewe, nami niwepo nivisome. Na siku utakayokosea, maana utakosea tu, akuletee mtu kama Mzee Otieno, na amlete kabla watu hawajajaa.