Mama wa Bi Harusi Aongoze Mstari

Kwaito nimejifunza utu uzimani, na aliyenifundisha ni mke mwenzangu. Nalisema mapema kwa sababu hapa Utende habari haina pa kujificha. Nisipolisema mimi atalisema jirani, tena kwa chumvi yake.

Binti yangu alikuwa anaolewa na kijana wa bara, mganga wa hospitali aliyehamishiwa huku kisiwani. Mama yake kijana na shangazi zake walikuwa wanakuja kutoka Tabora, na hawakuwahi kututia machoni. Siku ya kicheni pati, sherehe ya wanawake peke yao kabla ya harusi, mama wa bi harusi huingia ukumbini akiongoza mstari wa ndugu zake, wote sare moja, wakicheza kwaito. Desturi hiyo walituletea akina mama wa maofisini, na sasa shughuli isiyo na kwaito Kilindoni inaonekana haijakamilika. Ngoma yetu sisi kila mtu anatikisika anavyojua. Kwaito haitaki unavyojua. Wote mguu mmoja, mbele, nyuma, pembeni, halafu wote wanageukia ukuta wa pili na kuanza upya, na ukikosea anakuona mpaka anayepakua pilau.

Anayeijua kwetu alikuwa mmoja tu, yeye. Mume wangu alimwoa wakati binti yetu bado yuko shule. Ni fundi cherehani Kilindoni, anashona sare za watu, wanamwalika kwenye shughuli zao, na huko ndiko alikoiokota. Kumtukana sijawahi. Lakini pia sijawahi kumpa zaidi ya ile salamu ambayo dini inanilazimu kuiitikia.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyeamua kwamba tufanyie mazoezi uani kwake, na wifi yule akiamua hata kaka yake hukaa kimya. Nikawa natoka kwenye mwani wangu, natoa chumvi miguuni, napanda gari kwenda Kilindoni kufundishwa kutembea na mwanamke aliyenipunguzia mume.

Yeye alisimama mbele, katupa mgongo, spika kwenye kiti. Mimi nilijiweka katikati kabisa. Ujanja wangu ulikuwa huo: ukiwa katikati, mkigeukia huku kuna mtu mbele yako, na mkigeukia kule pia yupo. Nikawa natazama visigino vya jirani aliye karibu. Kumtazama yeye nilikataa. Na kilichoniudhi kupita yote ni kwamba ilikuwa tamu. Kuna wakati mistari yote iligeuka pamoja, vumbi likapanda pamoja, nikajikuta nacheka kwa sauti. Naye akacheka, akageuza shingo kunitazama. Nikafunga mdomo.

Siku ya mwisho ya mazoezi wifi akapanga safu. "Ataongoza mwenzio," akaniambia, "kwa kuwa yeye ndiye anayeijua. Wewe utamfuata nyuma."

Damu ilinipanda. Wageni wale hawatujui. Watakayemwona mbele ndiye watakayemshika mkono, ndiye watakayemwita mama. Nikasema, "Mtoto nimemzaa mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mficha uchi hazai," wifi akanijibu. "Kama hujashika, sema tukusaidie."

"Nimeshika."

Binti yangu alikuwa kakaa kizingitini anapakwa hina, mikono kaiweka juu. Akasema taratibu, "Mama, si umwache tu mama mdogo aongoze?" Hakusema kwa ubaya, mtoto yule hana ubaya. Lakini neno lile lilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki, halimezeki wala halitoki.

Mke mwenzangu, yule fundi, alikuwa anakunja waya wa spika. Akasema, "Dada aongoze. Ndiye mwenye mtoto. Mimi nitakaa nyuma yake."

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wageni wa Tabora walikaa meza ya mbele, wamependeza, wanautazama mlango. Mshereheshaji akapaza sauti: mama wa bi harusi aingie! Wimbo ukaanza, nikaingia, vigelegele. Hatua zile za kuingilia hazinishindi, ni kutembea tu. Tulipofika katikati ya ukumbi tukajipanga kuanza kwaito yenyewe, nikainua macho kutafuta visigino. Hapakuwa na mtu. Mbele yangu palikuwa na meza ya wageni na nyuso zao.

Kichwa kikawa kitupu. Mguu wa kwanza ni upi? Nilikuwa sijui. Nilichokuwa nakijua siku zote ni kufuata. Niliona mama wa bwana harusi anatabasamu, anasubiri, nikatamani ardhi inimeze na sare yangu.

Ndipo nikasikia sauti mgongoni, ya chini, imefunikwa na wimbo. "Kulia, dada. Kulia tena. Rudi. Piga kofi. Geuka kushoto."

Nikaenda kulia. Nikarudi. Nikageuka. Ukuta baada ya ukuta, sauti ile ile, haina haraka, haina kejeli, mpaka miguu ikakumbuka yenyewe. Tulipogeukia mlango yeye ndiye akawa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikautazama mgongo wake. Alikuwa kalowa jasho.

Watu walisimama. Mama wa bwana harusi alikuja akanitunza, akanikumbatia, akasema, "Mwanangu kapata mkwe anayejua kucheza!" Nikacheka naye, nikapigwa picha. Fundi alikuwa ameshatoka kwenye mstari, kaenda kusaidia kugawa soda.

Nilimfuata huko. Nikamuuliza bila salamu, "Kwa nini ulinitajia hatua?"

Alinishangaa kweli. "Ulikuwa umesahau, dada." Akanipa chupa ya soda, akaendelea kugawa.

Nilisimama pale nikiutafuta ubaya katika maneno hayo. Niliyageuza nyumbani, nikayageuza majini nikifunga mwani, nikamtafutia hila, nikasema labda anataka kumfurahisha mume wetu. Sikupata kitu. Chuki yangu ilikuwa na raha yake, nilijua pa kuiweka kila asubuhi. Sasa nahangaika nayo.

Watu bado wananisifu kwa ile kwaito. Nakubali sifa, nafanyaje. Lakini najua kitu kimoja ambacho hakuna anayekijua, hata yeye. Kama angekuwa yeye mbele amesahau, na mimi nyuma yake nakumbuka, ningenyamaza.